Kutoka Kisangani mupaka juu ya Nyiragongo: siku moja ya kupanda, na somo la kushuka

KISANGANI – Muji wetu uko karibu mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Hapa, mahali pa juu ambapo mutoto wa Boyoma anapanda ni ngazi za kathedrali ao kilima cha barabara kinachomutokesha jasho mwendeshaji wa toleka. Mulima Nyiragongo, kule Kivu ya Kaskazini, unafika mita 3470. Kati ya hizo hesabu mbili kuna mita zaidi ya 3000, na mwili wa mutu wa muto hauko tayari kwa jambo hilo.

Leo njia ya mulima ule imefungwa juu ya vita. Lakini kila mara vijana wa hapa, zaidi sana wale waliokimbia Goma na wanafunzi wa chuo kikuu, wanauliza: siku utalii utarudi, sisi pia tutaweza kupanda? Jibu ni ndiyo. Lakini kuna mambo ambayo mutu wa Kisangani anapaswa kujua mbele ya kununua tikiti ya ndege. Mimi niliyajua nikiwa nimekwisha kufika mulimani, na rafiki yetu mumoja alikaribia kuyalipa kwa uzima wake.

Sita kutoka Boyoma

Ilikuwa Januari 2020. Tulikuwa watu sita, wote wakaaji wa Kisangani: wafanyabiashara wawili wa Mangobo, munganga mumoja kijana aliyekuwa amemaliza masomo, dada mumoja wa benki, mwalimu wa hesabu, na mimi mwandishi wa habari. Tulikuwa tumechanga feza kwa miezi minane. Mugeni kutoka ng'ambo alikuwa analipa dola 300 kwa ruhusa tu ya kupanda. Sisi wenyeji tulipunguziwa, lakini ukiongeza ndege, kulala Goma, chakula na mubebaji wa mizigo, ilikuwa feza nyingi kwa mutu wa mushahara.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na nguvu kutupita wote. Kila siku ya Mungu asubuhi alikuwa anacheza mupira, na siku nyingine alikuwa anakimbia kandokando ya muto mupaka karibu na maporomoko ya Wagenia. Kama mutu angetuuliza nani atabaki nyuma, hakuna angetaja jina lake.

Tulishuka kutoka ndege Goma siku ya kwanza saa tisa ya muchana. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa haujaisha katika jimbo, kwa hiyo walitupima joto la mwili na kutunawisha mikono. Tukalala usiku mumoja. Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa ndani ya gari kuelekea Kibati, kaskazini ya muji, kwenye barabara ya Rutshuru.

Hapo ndipo kosa letu la kwanza lilikuwa. Goma iko karibu mita 1500, Kibati karibu 2000. Sisi tulitoka mita 400 jana, na jioni ya leo tulitaka kulala karibu 3500. Munganga wetu kijana alitaja jambo hilo kidogo ndani ya gari. Tulicheka. Tukamuambia aache kutuletea mambo ya masomo, sisi tuko katika matembezi.

Sheria za Kibati

Kwenye kituo cha Kibati hakuna mutu anayepanda peke yake. Mulima uko ndani ya Mbuga ya Virunga, mbuga ya zamani kuliko zote katika Afrika, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, na ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa ulimwengu mwaka wa 1979. Walinzi wa pori wa ICCN wanapanda na kila kundi, wakiwa na silaha, wamoja mbele na wengine nyuma. Kiongozi wetu alikuwa mulinzi wa umri wa makamo, mutu wa maneno machache. Wabebaji, vijana wa vijiji vya karibu, walipima mizigo yetu na kuifunga mugongoni.

Kiongozi alituambia mambo matatu. Kwanza, kundi linatembea kwa mwendo wa mutu wa polepole zaidi. Pili, hakuna kutoka katika njia. Tatu, mutu akisikia vibaya aseme mapema, na kama yeye kiongozi akisema tushuke, hakuna mabishano na hakuna kurudishiwa feza. Tuliitika wote kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Tulianza kutembea saa ine ya asubuhi. Njia ina urefu wa karibu kilometa nane, na watu wengi wanatumia saa ine mupaka sita. Kwa mutu anayezoea kutembea, kilometa nane si kitu: ni kama kutoka Mangobo, kwenda katikati ya muji na kurudia. Lakini zile kilometa zinapanda karibu mita 1500 kwenda juu, bila kupumzisha magoti.

Saa ya kwanza ni pori. Miti mirefu, udongo muzuri chini ya miguu, ndege wanaimba, na siafu wanakatiza njia. Tulikuwa tunapiga masolo na kupiga picha. Kisha pori linaisha, na unaingia kwenye mawe meusi ya volkano, mepesi, yanayobingirika chini ya viatu. Hapo ndipo mutu anajua faida ya ile fimbo ambayo vijana wanaiuza kule chini. Ni mawe ya moto uliotoka mwaka wa 2002. Mbele kidogo ni Shaheru, kinywa cha volkano ya zamani kilicho ubavuni mwa mulima. Nyufa ziko karibu na pale, na mvuke ulikuwa bado unatoka katika mawe. Mutu akiweka mukono, anasikia joto.

Hewa ni ile ile, lakini imekonda

Tukiwa tumekaa pale Shaheru, tulikuwa tumekwisha kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anapiga masolo tena. Kila mumoja alikuwa anatafuta pumzi.

Sababu yake ni rahisi kufasiria. Hewa ina uzito, na hewa ya juu inakandamiza ile ya chini. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua, na ile unayoivuta inakuwa nyepesi. Sehemu ya oksijeni ndani yake haibadiliki, lakini kila pumzi inabeba kidogo. Kwenye mita 3470, mugandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili ya ule wa pwani ya bahari. Ni kusema, pumzi tatu za juu kule zina kazi ya pumzi mbili za Moanda. Moyo unapiga mbio kusudi ulipe deni hilo.

Mwili unaweza kuzoea, lakini unaomba siku, hauzoei kwa saa. Watu wa milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini, wanaishi juu zaidi ya kilele cha Nyiragongo. Muji wa La Paz, kule Bolivia, uko karibu mita 3600, na watoto wanacheza mupira katika barabara zake. Wapenzi wa mupira wanakumbuka kwamba mwaka wa 2007 FIFA ilikataza mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyopita mita 2500, juu wageni walikuwa wanaishiwa na pumzi pale ambapo wenyeji wanakimbia. Bolivia ilipinga, na mwaka uliofuata lile katazo liliondolewa. Mwenyeji wa La Paz hakuzaliwa na nguvu za ajabu. Mwili wake uko nyumbani. Wetu ulikuwa mugeni.

Na joto linashuka. Kwa kawaida, kila mita 1000 unazopanda zinaondoa karibu digri sita. Kisangani iko karibu digri 25 kwa wastani. Fanya hesabu: kule juu ni digri saba hivi, na usiku ukiingia na upepo ukipiga, ni karibu na barafu. Mumoja wa wafanyabiashara wetu alikuwa amebeba koti la mvua tu.

"Chef, niko muzima"

Ni baada ya Shaheru ndipo mwalimu alianza kubaki nyuma. Yeye ambaye alitoka Kibati wa kwanza, sasa alikuwa anasimama kila hatua ishirini. Tulimuuliza, akasema ni kichwa tu. Tukampa maji. Mumoja wetu akamuambia: “Kaza roho, mwalimu, wanafunzi wako watasema nini?” Watu wakacheka. Sitaki kujificha: mimi ndiye niliyesema vile.

Kwenye kituo kilichofuata, alikaa chini akashika ubavu wa kushoto, chini ya mbavu. Akatapika. Kiongozi akarudia nyuma, akachuchumaa mbele yake, akamuangalia machoni muda murefu. Akamuomba asimame na kutembea kwa kufuata mustari wa fimbo aliyoilaza chini. Mwalimu akatembea, muguu wa pili ukakosa mustari.

“Chef, niko muzima,” mwalimu akasema. “Nipumzike kidogo, nitafika.”

“Mwalimu, tunashuka.”

“Nimelipa, Chef. Miezi minane.”

“Najua, mwalimu. Tunashuka.”

Sote tulianza kumutetea. Tuliona kilele kwa macho. Kilikuwa pale, saa moja na nusu tu mbele. Tulisema atapumzika katika vibanda vya juu, tutamubebea kila kitu, tutamusukuma. Munganga wetu kijana peke yake ndiye aliyenyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kiongozi ana haki. Kiongozi hakubishana na mutu. Aliita mulinzi mumoja na wabebaji wawili, akawapa redio, na munganga akasema atashuka nao. Katika dakika kumi walikuwa wamepotelea chini ya vichaka.

Tulibaki wane. Saa moja nzima hakuna aliyesema neno.

Mudomo wa moto

Sehemu ya mwisho ya njia inasimama kama ukuta. Miti imekwisha, kuna majani, na ile mimea ya ajabu ya milima mirefu, lobelia na seneko, inayosimama kama watu katika ukungu. Tulifika saa kumi na nusu. Kule juu kuna vibanda kumi na viwili vidogo, vimeshikilia ukingo wa mulima, kila kimoja kwa watu wawili.

Kisha unasogea kwenye ukingo na kuangalia chini. Shimo lina upana wa zaidi ya kilometa moja. Ndani kabisa, wakati ule, kulikuwa ziwa la moto, kati ya makubwa zaidi ulimwenguni, likichemka na kupasuka ngozi yake nyeusi na kuonyesha mishipa myekundu. Usiku mawingu yote juu yetu yalikuwa mekundu. Sauti yake ni kama maji ya Wagenia wakati wa mvua nyingi. Dada wa benki alilia. Mimi pia niliona uzuri ule, lakini kichwa changu kilikuwa kinapiga kama ngoma, na fikira zangu zilikuwa kule chini, na mwalimu.

Hatukulala. Baridi ilipita katika blanketi, na kwenye mwinuko kama ule usingizi wa mugeni unakatika-katika. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tulianza kushuka, na kwa kila mita 500 kichwa kilikuwa kinapona, kama mutu anayefungua kamba.

Damu ya mwalimu

Tulimukuta katika hospitali moja ya Goma, amekaa kwenye kitanda, akila uji. Maumivu ya kichwa na kutapika vilipungua wakati ule ule walipofika Kibati. Ubavu ndio uliendelea kumuuma. Waganga walimupima kwa mashine ya picha, wakaona kwamba wengu, kile kiungo kidogo cha upande wa kushoto, ulikuwa umekosa damu katika sehemu yake moja. Kisha wakapima damu. Mwalimu, mutu wa miaka thelathini na tano ambaye hakuwahi kulazwa, alikuwa AS.

Hapa Kisangani tunajua vizuri ugonjwa wa SS, wengine wanauita anemi ao drepanositoze. Familia nyingi zimezika watoto juu yake. Mutu mwenyi AS alipata jini moja tu kutoka kwa muzazi mumoja. Yeye si mugonjwa, na wengi wao wanaishi mupaka uzee bila kujua. Lakini pale ambapo oksijeni ni kidogo, chembe nyekundu za damu za wamoja kati yao zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba njia ndogo za damu, zaidi sana ndani ya wengu. Hilo halimufikie kila mwenyi AS, na wengi wanapanda milima bila shida. Lakini linapofika, dawa ya kwanza ni kushuka, bila kungoja. Kwa mutu mwenyi SS, waganga wanashauri asijaribu mwinuko wa namna ile hata kidogo.

Kama tungemusukuma mupaka juu na kumulaza usiku muzima katika kile kibanda, munganga alituambia, tungeweza kumurudisha Kisangani kwa namna nyingine. Hakuongeza neno. Hatukumuomba aongeze.

Mulima uliofungwa

Miezi miwili baadaye mbuga ilifunga milango juu ya korona. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi kumi na wawili wa Virunga waliuawa katika shambulizi karibu na Rumangabo. Katika historia ya mbuga, walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakiwa kazini. Niliposikia habari ile, nilifikiri juu ya yule mutu aliyelaza fimbo chini na kukataa kubishana nasi.

Kisha tarehe 22 Mei 2021 jioni, mulima ulipasuka. Ulikuwa umekwisha kufanya hivyo tarehe 10 Januari 1977, wakati moto wake mwepesi ulishuka mbio kupita mutu anayekimbia, na tarehe 17 Januari 2002, wakati ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia katika ziwa Kivu. Mara hii ya tatu moto ulisimama Buhene, kwenye mulango wa muji. Watu zaidi ya thelathini walikufa na maelfu ya nyumba yaliungua. Lile ziwa la moto tuliloliona likamwagika.

Na juu ya moto ikaongezwa vita. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022, Kanyaruchinya, kwenye barabara ile ile tuliyopitia, ilijaa mahema ya wakimbizi wa ndani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Kwa vijana wa Kibati waliokuwa wanabeba mizigo ya watalii, ile ilikuwa kazi ya kulipia watoto masomo. Mutu akisema kwamba utalii ni michezo ya matajiri, aende kwanza kuhesabu ni nyungu ngapi zilikuwa zinachemka kwa mugongo wa mubebaji mumoja.

Siku njia itafunguliwa

Siku moja itafunguliwa. Na Nyiragongo si peke yake. Kivu ya Kusini ina mulima Kahuzi, mita 3308, katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambao mutu anaweza kupanda na kushuka siku moja bila kulala juu. Lakini nako vita vimeharibu usalama. Ruwenzori, kwa upande wa Mutwanga, unafika mita 5109 kwenye kilele cha Margherita na una barafu. Huo unaomba siku nyingi. Mbele ya yote, mutu aulizie usalama kwa ICCN na kwa watu wa mahali, asiamini picha za mutandao.

Kwa mutu wa Kisangani, mambo mengine ni haya. Lala Goma ao Bukavu usiku mbili ao tatu mbele ya kupanda, usifanye kama sisi. Pima damu hapa Kisangani mbele ya safari, ujue kama uko AA, AS ao SS. Ni kipimo kinachosaidia pia wale wanaotaka kuoana. Mwenyi ugonjwa wa moyo, wa mapafu, ao mama mwenyi mimba, amuone munganga kwanza. Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inaitwa asetazolamidi, lakini munganga ndiye anayeiandika, si muuzaji wa soko. Kunywa maji mengi, acha pombe, beba nguo za baridi kama mutu anayekwenda Ulaya mwezi wa kwanza. Tembea polepole hata kama una nguvu: mutu mwenye nguvu ndiye anayejidanganya zaidi, sababu mapafu ya mupira hayazuie ugonjwa huu.

Kichwa kikiuma, sema. Kikiendelea kuuma na kutapika kukiongezeka, usiendelee kupanda. Mutu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashushwe wakati ule ule, hata usiku, hata kama amelipa. Na kama ni mwenzako, usimuambie akaze roho.

Mwalimu anaendelea kufundisha hesabu hapa Kisangani, na bado anacheza mupira siku ya Mungu. Tukikutana, hatuzungumzie sana ile safari. Lakini mwaka uliopita alinionyesha kitu alichokiweka katika daftari la matayarisho ya masomo yake: ile karatasi ya ruhusa ya kupanda, imekunjwa mara ine. Nilimuuliza kama atajaribu tena siku njia itafunguliwa. Akasema atakwenda mupaka Kibati tu. Anataka kumutafuta yule kiongozi, kama bado yuko muzima, amusalimie.